Zahabu ya Uzee: Namna Wamarekani Walijifunza Kuipima



Kwetu Ituri, karibu kila jamaa iko na mutu mwenye alishika zahabu mukononi. Kwetu sisi alikuwa baba mudogo. Alichunga gramu chache ndani ya kachupa ka dawa, na kila mara alisema: "Hii ndiyo pansioni yangu." Mwaka bei ilipanda, hakuuzisha, alingoja ipande zaidi. Mwaka bei ilishuka, hakuuzisha, alisema hawezi kubali hasara. Kiisha usiku moja mutoto wake akagonjwa sana, na asubuhi kachupa kote kakaenda kwa bei ya kwanza yenye munuzi alitaja.

Sikumucheka. Na nyuma, wakati nilianza kusoma historia ya feza, niliona kitu cha kushangaza: hata Wamarekani, wenye banki kubwa na sheria nyingi, walianguka mu shimo hiyo hiyo. Iliwaomba zaidi ya miaka 60 kupata namna ya kuweka zahabu ndani ya akiba ya uzee. Na kuiweka haikutosha. Kazi ngumu ilikuwa kujua kiasi gani ikae, na siku gani ipunguzwe. Leo niwaelezee ile safari, sababu iko na somo kwetu.

1. Mwaka 1933: Leta inaomba zahabu

Tuanzie Washington, tarehe 5 Aprili 1933. Marekani ilikuwa ndani ya shida kubwa ya uchumi. Mabanki yalianguka, watu walitosha feza zao na kuficha zahabu nyumbani. Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi amri namba 6102: kila mutu alete sarafu na vipande vyake vya zahabu banki mbele ya tarehe 1 Mei. Aliruhusiwa kubaki na sarafu za dolari 100 tu. Zahabu ya wapambaji, ya wenye viwanda, na sarafu za zamani zenye kutafutwa na wakusanyaji ziliachwa. Mwenye kukataa aliweza kulipishwa mpaka dolari 10,000, ao kufungwa mpaka miaka 10.

Leta ililipa dolari 20.67 kwa onsi moja. (Onsi ya zahabu ni kama gramu 31.1.) Mwezi wa Januari 1934 ikatoka sheria mupya, na bei ya Leta ikawa dolari 35. Fanyeni hesabu wenyewe: mwenye alitii na kuleta onsi yake, miezi kumi nyuma aliona ile onsi imepanda karibu asilimia 70, lakini haikuwa tena yake. Tangu pale, kwa miaka zaidi ya 40, Mumarekani wa kawaida hakuweza kuchunga zahabu ya akiba.

Kumbe somo la kwanza liko hapa: zahabu haina adui mumoja tu. Watu wanasema inalinda mutu juu ya feza yenye kuoza. Ni kweli. Lakini zahabu yenyewe iko chini ya sheria ya inchi, na sheria inaweza kubadilika kwa siku moja.

2. Pansioni yenye ilivunjika Indiana

Sasa tuangalie upande wa uzee. Marekani ilianzisha pansioni ya Leta kwa sheria ya mwaka 1935. Juu ya ile, makampuni makubwa yaliahidi watumishi wao pansioni ya kampuni. Watu waliamini ile ahadi sawa vile watu wa kwetu waliamini ahadi za makampuni ya madini.

Mwezi wa Desemba 1963, kampuni ya magari Studebaker ikatangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, katika jimbo la Indiana. Mufuko wa pansioni haukukuwa na feza ya kutosha. Wazee wenye walikuwa wamekwisha kupumzika walipata haki yao. Lakini zaidi ya watumishi 4,000, wenye miaka kati ya 40 na 59, walipata karibu senti 15 kwa kila dolari yenye waliahidiwa. Wengine wengi hawakupata kitu.

Wazeni mutu wa miaka 58, ametumika kiwanda kimoja maisha yote, anaambiwa: chukua senti 15 kwa dolari, uende. Ile habari ilizunguka inchi nzima. Ikachukua miaka zaidi ya 10, lakini ilizaa sheria.

3. Siku 19 za mwaka 1974

Hapa historia inafanya kitu chenye ninapenda sana. Gerald Ford aliingia kwenye kiti cha urais tarehe 9 Agosti 1974, nyuma ya Richard Nixon kujiuzulu. Tarehe 14 Agosti akatia sahihi sheria yenye kurudishia Wamarekani ruhusa ya kuchunga zahabu. Ilianza kazi tarehe 31 Desemba 1974. Tarehe 2 Septemba, siku 19 nyuma ya ile sahihi, akatia sahihi sheria ingine, ERISA, yenye kulinda pansioni za watumishi. Ndani ya ERISA kulikuwa kitu kipya: konti ya pansioni ya mutu binafsi, yenye wanaita IRA. Mutumishi mwenye hakukuwa na pansioni ya kampuni aliweza kuweka mpaka dolari 1,500 kwa mwaka, na kodi ya ile feza ingengoja mpaka siku ya kuitosha.

Kwa siku 19 tu, mutu wa kawaida alipata milango miwili: mulango wa zahabu na mulango wa kuchunga uzee wake mwenyewe. Hakuna mutu alipanga vikutane. Lakini vilikutana.

Kwa nini watu walitaka zahabu ule wakati? Sababu dolari ilikuwa inaoza. Tarehe 15 Agosti 1971 Nixon alikata kamba kati ya dolari na zahabu kwa inchi za kigeni. Mu 1974 bei za vitu Marekani zilipanda asilimia 11. Muzee mwenye pansioni ya kiasi kimoja kila mwezi aliona mukate unakuwa mudogo kila mwaka.

Sisi hatuna lazima ya kuelezewa ile shida. Mu 1967 inchi yetu ilianzisha feza ya zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dolari mbili. Mu 1993 wakatosha zaire mupya: moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 3. Mu 1998 ikaja franga ya leo: moja kwa zaire mupya 100,000. Zidisheni: franga moja ilichukua nafasi ya zaire za 1967 milyari 300. Mwalimu mwenye alianza kukatwa pansioni mu 1967 alikatwa feza ya nguvu, na wakati wa kupumzika akapewa hewa. Kwa ile, wakati muzee wa kwetu anasema "nachunga zahabu", si ujinga. Ni kumbukumbu.

4. Lakini zahabu nayo inatesa

Sasa shida iko hapa. Mwisho wa 1974, mbele ya ile ruhusa kuanza, bei ya onsi ilifika karibu dolari 195. Kila mutu alisema: Wamarekani watanunua, bei itaruka. Mulango ulifunguliwa, watu hawakukimbilia, na bei ikashuka. Mwezi wa Agosti 1976 ilikuwa karibu dolari 103. Mwenye alinunua siku ya kwanza kwa furaha alipoteza karibu nusu kwa miaka chini ya miwili.

Kiisha ikaruka kweli. Tarehe 21 Januari 1980, London, onsi ilifika dolari 850. Katikati ya 1982 ilikuwa imeanguka karibu 300. Katikati ya 1999 ilikuwa chini ya 260. Mwenye alinunua kwa 850 alingoja mpaka Januari 2008 kuona ile bei tena. Miaka 28! Ule ni urefu wa kazi nzima. Mutu alinunua akiwa na miaka 37, akarudishiwa dolari zake akiwa na 65, na zile dolari hazikununua tena vitu vilevile. Tena kwa miaka yote 28 zahabu haikumupa faida hata senti, sababu zahabu hailipi kodi ya nyumba wala haizai.

Nyuma yake tena: karibu 1,900 mu Septemba 2011, karibu 1,050 mu Desemba 2015, zaidi ya 2,000 mu Agosti 2020, zaidi ya 4,000 mu Oktoba 2025. Unaona namna inapanda na kushuka sawa mawimbi ya ziwa. Kama pansioni yako yote iko juu ya mutumbwi moja, utafika ao utazama kufuatana na siku yenye unashuka.

5. Mupango wa kusawazisha

Katika ile miaka ya kupanda na kuanguka, muandishi moja wa Marekani, Harry Browne, alitoa wazo lenye lilijulikana sana. Alisema: hakuna mutu anajua kesho. Basi gawanya akiba yako mafungu manne sawasawa: hisa za makampuni, hati za deni la Leta za muda murefu, feza taslimu, na zahabu. Kila fungu asilimia 25. Kama fungu moja limepanda mpaka asilimia 35, ao limeshuka mpaka 15, rudisha yote kwenye 25. Basi. Hakuna kusikiliza redio, hakuna kubishana na rafiki.

Watu wengi waliona asilimia 25 ya zahabu ni mingi, wakachukua 10 ao 5. Lakini wazo la kusawazisha lilibaki. Tufanye mufano na hesabu ndogo.

Mama moja iko na akiba ya dolari 100,000. Aliamua zahabu iwe asilimia 10, ni kusema dolari 10,000. Zile 90,000 zingine tuseme hazitikisiki, ili hesabu iwe nyepesi. Zahabu inapanda mara mbili: sasa iko 20,000, na akiba yote ni 110,000. Zahabu imekuwa asilimia 18. Mama anarudia kwenye amri yake: asilimia 10 ya 110,000 ni 11,000. Anauzisha zahabu ya dolari 9,000, anaiweka kwenye vitu vingine.

Mwaka mwingine zahabu inaanguka nusu. Yake ya 11,000 inakuwa 5,500. Akiba yote: 99,000 na 5,500, jumla 104,500. Jirani yake mwenye hakusawazisha iko na zahabu ya 10,000 na vingine 90,000, jumla 100,000. Bei ya zahabu ilirudi pale ilianzia, lakini mama iko na dolari 4,500 zaidi. Na sasa, wakati watu wanatukana zahabu, yeye anainunua tena mpaka ifike asilimia 10.

Tuseme ukweli: kama zahabu ingeendelea kupanda, jirani ndiye angeshinda. Kusawazisha hakukuahidi utajiri. Kunakuahidi kwamba siku ya kupumzika haitategemea bei ya asubuhi moja.

6. Sheria yenye kutenga mukono na chuma

Sasa mutauliza: kwa nini kutia zahabu ndani ya konti ya pansioni? Si kuiweka tu chini ya kitanda? Jibu liko kwenye kodi. Inje ya ile konti, Mumarekani mwenye anauzisha zahabu na faida anaweza kulipa kodi mpaka asilimia 28 ya faida, sababu sheria inaihesabu pamoja na vitu vya wakusanyaji. Kila mara anasawazisha, Leta inakata. Ndani ya konti, anauzisha na kununua, feza inabaki ndani, na kodi inangoja.

Lakini Leta haikukubali haraka. Mu 1981 Bunge la Marekani lilisema: mutu akinunua ndani ya IRA vitu vya wakusanyaji, sawa picha, zulia, mvinyo wa zamani, ao chuma cha bei, itahesabiwa kama ametosha ile feza, na atalipa kodi. Mulango wa zahabu ukafungwa tena. Mu 1986 Leta ikaanza kutengeneza sarafu yake ya zahabu, American Eagle, na sheria ya kodi ya ule mwaka ikairuhusu ndani ya IRA. Mwishowe sheria ya 1997 ikaruhusu, tangu 1998, hata vipande vya zahabu vyenye usafi wa asilimia 99.5 ao zaidi.

Kulikuwa sharti moja lenye uzito: vile vipande vishikwe na mulinzi wa konti, ni kusema banki ao shirika lenye ruhusa, si na mwenye konti. Yeye anaandika barua ya kuomba, mulinzi anauzisha ao ananunua kwa mufanyabiashara, na zahabu inalala kwenye ghala lenye ulinzi. Anaambiwa onsi ngapi ziko, analipa bei ya ghala kila mwaka. Lakini haigusi.

Watu wengine waliona ile sharti ni mateso. Wakatafuta njia ya pembeni: konti inunue kampuni ndogo, kampuni inunue sarafu za American Eagle, sarafu zilale nyumbani. Mwezi wa Novemba 2021 tribinali ya kodi ya Marekani ilihukumu kesi ya mwanamuke moja mwenye alifanya vile. Tribinali ilisema: kama sarafu ziko mukononi mwako bila mutu wa kukuangalia, umekwisha kuzitosha. Lipa kodi.

Mara ya kwanza nilisoma ile hukumu, nilikasirika kidogo. Zahabu ni yake, kwa nini asiishike? Kiisha nikakumbuka kachupa ka baba mudogo. Kalikuwa kwenye mukono wake kila siku, na kwa ile hakakuwa pansioni. Kalikuwa feza ya shida ya kwanza yenye itapiga hodi.

7. Shida za kusawazisha kitu cha uzito

Musifikiri tena ni kazi nyepesi. Karatasi ya hisa unaigawanya namna unataka. Zahabu ya kweli hapana. Kama unapashwa kuuzisha dolari 1,300 na uko na kipande kimoja cha onsi 10, utafanya nini? Huwezi kukikata na musumeno. Kwa ile, wenye akili wanachunga sarafu ndogo pamoja na vipande vikubwa, hata kama sarafu ndogo zinauzishwa bei ya juu kidogo kwa gramu. Tena bei ya kununua na bei ya kuuzisha hazilingane: kila safari mufanyabiashara anakata chake. Mutu mwenye anasawazisha kila mwezi anamulisha mufanyabiashara, si uzee wake. Ndiyo maana wengi wanaangalia mara moja kwa mwaka, ao wanangoja mpaka kiasi kipite mupaka wenye waliandika mbele.

Na uzee wenyewe unaleta amri. Leo, nyuma ya miaka 73, sheria inalazimisha mwenye IRA ya kawaida kutosha kiasi fulani kila mwaka na kukilipia kodi. Kama karibu yote ni chuma, lazima auzishe hata mwaka wa bei mbaya, ao achukue zahabu yenyewe na kutafuta feza ya kodi fasi ingine. Mwenye alisawazisha mbele iko na taslimu ya kutosha, na zahabu inaweza kulala ikingoja bei nzuri.

8. Na sisi?

Kuna kamba kati ya yale maghala na milima yetu. Mwezi wa Julai 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kipengele chake cha 1502 kinaomba makampuni yenye aksio zao ziko sokoni kutangaza kama zahabu, bati, tantali na tungsteni wanatumia zinatoka Kongo ao kwa majirani wetu. Wakati mustaafu wa kule anasawazisha akiba yake, kazi yake inagusa swali lenye linatuhusu: nani alichimba hii, na alilipwa nini? Tangu zahabu ya Kilo ilionekana Ituri mu 1903, tumetosha chuma chenye kinalinda uzee wa watu wa mbali. Wachimbaji wetu wanazeeka bila kitu.

Siwaambie munUnue zahabu. Wengi wetu bado tunatafuta kazi, na diplome iko ukutani. Ninawaambia mambo matatu yenye Wamarekani walilipa bei kuyajua. Kwanza, andika kiasi mbele ya kununua: iwe zahabu, iwe ngombe, iwe kiwanja, iwe dolari za likelemba. Sema ni asilimia ngapi ya akiba yako, na mupaka wa juu na wa chini. Pili, wakati kile kitu kinasifiwa na watu wote, punguza kidogo. Wakati kinatukanwa, ongeza kidogo. Tatu, tafuta mutu ao kundi lenye kushika ile akiba mbali na mukono wako, lenye vitabu vya hesabu vyenye munaweza kusoma pamoja.

Juma hii, kaa na muzee moja wa kwenu mwenye alitumika kwa Leta ao kwa kampuni. Muulize alikatwa ngapi kila mwezi, kwa feza gani, na alipewa nini siku ya mwisho. Andika jibu lake mbele ya kusahau. Mimi nilimuuliza baba mudogo. Alifikiri kidogo, akasema: "Kama ningeuzisha nusu ule mwaka wa bei nzuri, mutoto angetibiwa, na kachupa kangekuwa bado hapa."